Mbona mashujaa hawa wanakosea? Jibu kwa msomaji wa Mahabharata na Ramayana

"Mwalimu, shikamoo. Masika haya nimesoma muhtasari wa Mahabharata na wa Ramayana, vitabu viwili nilivyoazimwa na jirani yangu Mhindu, mama mtu mzima ninayeishi naye jengo moja. Nilitarajia hadithi za mashujaa wema. Badala yake nimemkuta Yudhishthira, anayesifiwa kwa ukweli, akimdanganya mwalimu wake mpaka akauawa. Nimemkuta Rama akimfukuza mke mwenye mimba kwa sababu ya maneno ya watu. Nimemkuta Draupadi akiburutwa kwa nywele mbele ya wazee waliokaa kimya. Katika tamthilia niliyoitazama zamani kwenye televisheni, Draupadi ndiye aliyeanza uchokozi: alimcheka Duryodhana akamwita mwana wa kipofu. Kitabuni sikuliona jambo hilo. Toleo la kweli ni lipi? Wahindu wanawezaje kuviheshimu vitabu hivi kama vitabu vitakatifu? Nikimwuliza jirani, nitamkosea adabu? Nakiri pia kwamba ukurasa wa Draupadi ulininyima usingizi, kwa kuwa mwaka jana nilikaa katika kikao cha ukoo, shamba la marehemu mume wangu likagawanywa mbele ya macho yangu, na wazee ninaowaheshimu wakatazama chini."

Marahaba, dada yangu, na pole kwa kufiwa na kwa yaliyofuata. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu kabla ya kushika kalamu. Maswali yako ni kadhaa, lakini chini yake nasikia moja lililo zito kuliko mengine: kitabu kinachovishwa maua na kufukiziwa udi kinawezaje kumwonyesha mtu mwema akitenda uovu, kisha kisitueleze kwamba alikosea? Nimefundisha maandiko haya kwa miaka mingi, na jibu langu ni kwamba kinatueleza. Kinatueleza kwa njia ambayo muhtasari hauwezi kuibeba, kwa sababu muhtasari huchukua matukio na kuyaacha mabishano, ilhali katika Mahabharata mabishano ndiyo kiini. Huo usumbufu ulioupata moyoni si dalili kwamba umesoma vibaya. Watunzi waliuweka hapo kwa makusudi, na wahusika wenyewe waliuliza maswali yako kabla yako.

Tuanze na hayo maneno "vitabu vitakatifu", kwa kuwa yanatupotosha kidogo sisi tuliolelewa katika dini za Kitabu kimoja. Wapokezi wa elimu ya Kihindu hutenga aina mbili za maandiko. Ya kwanza huitwa shruti, yaani yaliyosikiwa, nayo ni Veda, nyimbo na maneno ya ibada ya kale, ambazo zilihifadhiwa vifuani mwa watu silabi kwa silabi bila ruhusa ya kubadilisha hata lafudhi. Ya pili huitwa smriti, yaani yaliyokumbukwa, na humo ndimo zilimo tenzi hizi mbili. Mahabharata hujiita itihasa, neno la Kisanskriti lenye maana ya "ndivyo ilivyokuwa hasa". Kwa hiyo haijitangazi kuwa orodha ya amri, wala haimwambii msomaji amwige kila anayetajwa ndani yake. Ni kweli kwamba ndani yake imo Bhagavad Gita, sura 18 zenye beti 700, ambayo waumini wengi huipa heshima ya juu kabisa. Lakini hata hiyo huanza na mpiganaji Arjuna ameketi garini mwake, upinde umemponyoka, akikataa kuua jamaa zake na kudai aelezwe kwa nini afanye hivyo. Anayemjibu ni Krishna, mwendesha gari lake, ambaye Wahindu humwabudu, na jibu lenyewe linachukua sehemu kubwa ya hizo sura 18. Huoni hapo amri iliyotolewa na kutiiwa papo hapo.

Sasa suala la toleo la kweli. Nitalikalia kidogo, maana ukilielewa, mengi yatakaa sawa. Mahabharata inajieleza kuwa hadithi iliyosimuliwa ndani ya hadithi. Inasema kwamba Vyasa aliitunga, kwamba mwanafunzi wake Vaishampayana aliisimulia mbele ya mfalme Janamejaya wakati wa kafara ya kuteketeza nyoka, na kwamba msimulizi Ugrashravas, aliyekuwapo, aliirudia kwa watawa katika msitu wa Naimisha. Tunachokisoma ni usimulizi wa tatu. Utenzi wenyewe unakiri kwamba ulipokezwa kwa vipimo mbalimbali: unataja beti 24,000 bila visa vya kando, na unataja 100,000 kwa ukamilifu wake. Wataalamu wengi wanakadiria kwamba ulijengeka taratibu kati ya takriban mwaka 400 kabla ya Kristo na mwaka 400 baada yake. Baada ya hapo ukanakiliwa kwa mkono karne baada ya karne, kusini juu ya majani ya mitende, Kashmir juu ya magome ya miti, na kila mnakili alikuwa mtu aliyeupenda utenzi huo kiasi cha kuogopa kuacha ubeti wowote aliowahi kuusikia. Ndiyo maana miswada huongezeka unene kadiri inavyosafiri.

Mwaka 1919 taasisi ya Bhandarkar mjini Pune, India, ilianza kazi ya kuilinganisha miswada hiyo. Walikusanya zaidi ya 1,200, wakaipanga ubeti kwa ubeti, na kazi yote ikakamilika mwaka 1966, zaidi ya miaka ishirini baada ya kifo cha mhariri wake mkuu wa kwanza, V. S. Sukthankar. Kanuni yao ilikuwa rahisi kuielewa: ubeti unaopatikana Kashmir na pia kule Kerala, pande mbili ambazo wanakili wake hawakuwa na njia ya kuonana, una haki ya kuitwa wa zamani, ubeti unaopatikana eneo moja tu hushushwa chini ya ukurasa au huwekwa nyuma ya kitabu, bila kutupwa. Hivyo walipata maandishi ya zamani kadiri miswada ilivyoruhusu. Sukthankar hakudai kwamba ameipata Mahabharata iliyotoka kinywani mwa Vyasa, nasi tusidai hivyo kwa niaba yake. Sisi wa pwani hatuna haja ya kushangaa sana. Kisa cha Fumo Liyongo kina wasimulizi wengi, na kila mmoja huongeza au hupunguza. Lakini hakuna anayeondoa sindano ya shaba iliyopita kitovuni, wala hakuna anayesahau kwamba mkono ulioishika ulikuwa wa mwanawe.

Sasa nirudi kwa Draupadi na kile kicheko. Draupadi ni mke wa ndugu watano kwa pamoja, Yudhishthira, Bhima, Arjuna na pacha Nakula na Sahadeva, na Duryodhana ni binamu na mpinzani wao, mwana wa mfalme kipofu Dhritarashtra. Hukukosea kutokuliona jambo hilo. Katika maandishi ya Pune, Duryodhana anatembelea kasri jipya la binamu zake, anaidhania sakafu ya kioo kuwa maji na maji kuwa sakafu, anatumbukia, na msimulizi anawataja wanaocheka: Bhima, Arjuna na wale ndugu pacha. Draupadi hatajwi. Baadaye Duryodhana anarudi nyumbani kumlalamikia baba yake, na hapo, kinywani mwake yeye aliyejeruhiwa fahari yake, ndipo tunaposikia kwa mara ya kwanza kwamba Draupadi na wanawake wenzake nao walicheka. Maneno "mwana wa kipofu" hayatoki kinywani mwa Draupadi popote pale. Yaliongezwa na wasimulizi wa baadaye, na tamthilia zikayapokea. Ninakuomba uliangalie jambo hili kwa makini. Mwanamke anadhalilishwa hadharani, vizazi vinapita, na polepole hadithi inamtafutia kosa la kuyastahili yaliyompata. Mimi hukumu yangu ni kwamba nyongeza hiyo ni mbaya, ingawa wanaoirudia wengi hawana nia mbaya.

Ukumbini mambo yalikwenda hivi. Yudhishthira amealikwa kucheza dadu Hastinapura, mji wa kina Duryodhana, na Shakuni, mjomba wake Duryodhana, ndiye anayemchezea. Anapoteza lulu, magari, watumwa, tembo, mifugo na nchi. Kisha anaweka rehani nduguze mmoja mmoja, Nakula, Sahadeva, Arjuna, Bhima, kisha anajiweka yeye mwenyewe, naye anapotea. Hapo Shakuni anamkumbusha kwamba bado ana kitu, naye anamweka Draupadi. Mjumbe anapotumwa kumwita yule mama kama mtumwa, yeye hakimbilii machozi. Anamrudisha mjumbe na swali: nenda kwa yule mcheza kamari, ukamwulize barazani alianza kupoteza nini, nafsi yake au mimi?

Lione lilivyo kali, dada. Kama alijipoteza kwanza, basi alikuwa mtumwa alipomweka mkewe, na mtumwa asiye na mali hana cha kuweka. Ni hoja ya mwanasheria, na imetumwa na mwanamke aliyekuwa faraghani katika siku zake, amevaa nguo moja, asiyetakiwa hata kuonekana na watu. Yudhishthira hajibu. Duhshasana, mdogo wake Duryodhana, anakwenda kumburuta kwa nywele, naye akifika mbele ya baraza anauliza tena. Bhishma, mzee kuliko wote, mtu ambaye neno lake lingesimamisha jambo lolote, anasema kwamba dharma, yaani haki na wajibu, ni nyembamba mno na hawezi kulikata swali hilo sawasawa: asiye na mali hawezi kuweka mali ya mtu, lakini wanawake nao wako chini ya waume zao. Anayesimama ni Vikarna, mdogo mwingine wa Duryodhana, kijana wa upande wa waonevu. Anasema wazi kwamba Draupadi hakushindwa kwa haki, na anatoa sababu zake. Karna, rafiki wa Duryodhana, anamkemea kwamba ni mtoto anayejifanya mzee. Vidura, ami yao, anawaonya walioketi kwamba mtu akija barazani na dhiki yake, baraza linalonyamaza linashiriki dhambi. Na bado hawajibu.

Swali hilo halijibiwi kamwe. Mbweha wanalia nyumbani kwa mfalme, mzee kipofu Dhritarashtra anaingiwa na hofu, anampa Draupadi nafasi ya kuomba, naye anaomba uhuru wa waume zake na kukataa ombi la tatu. Kisheria, jambo linabaki pale pale. Mtunzi angeweza kumpa Bhishma ubeti mmoja wa kumaliza ubishi, maana mzee huyohuyo baadaye, akiwa amelala juu ya kitanda cha mishale, anaongea juu ya dharma kwa maelfu ya beti. Hakumpa. Hata ile nguo isiyokwisha, muujiza ambao kila mtu anaujua, katika miswada ya zamani inatokea bila Draupadi kumwita Krishna na bila Krishna kutajwa. Sala yake iliongezwa na wacha Mungu ambao hawakuweza kuvumilia kumwona akiwa peke yake vile. Naielewa huruma yao. Hata hivyo nadhani ukumbi ule unatisha zaidi, na unasema kweli zaidi, sala ile inapokosekana.

Kuhusu uongo wa Yudhishthira: baadaye binamu hao wanapigana vita vya siku 18, na siku ya 15 Drona, mwalimu wao wa silaha anayepigana upande wa Duryodhana, hashindiki. Bhima anamuua tembo aitwaye Ashvatthama, jina ambalo pia ni la mwana pekee wa Drona, kisha anapiga kelele kwamba Ashvatthama amekufa. Drona hamwamini Bhima. Anamgeukia mwanafunzi wake asiyejulikana kwa uongo, na Yudhishthira anatamka kwamba Ashvatthama amekufa, kisha neno "tembo" analisema kwa sauti isiyosikika. Tangu mwanzo gari la Yudhishthira lilikuwa haligusi ardhi. Lilikwenda vidole vinne juu ya vumbi kwa nguvu ya ukweli wake. Alipomaliza kusema, magurudumu yalishuka. Mtunzi hahubiri. Anatuonyesha vidole vinne vya hewa vikitoweka, na kuanzia hapo gari lile ni kama magari mengine yote uwanjani.

Wala haliishii hapo, na hapa muhtasari mwingi hukata uzi. Drona aliposikia aliweka silaha chini, akaketi kama mtawa, na Dhrishtadyumna, ndugu yake Draupadi, akamkata kichwa. Mwana aliyesingiziwa kufa alikuwa hai. Usiku ule vita vilipokwisha, Ashvatthama aliingia kambini watu wakiwa wamelala, akamuua Dhrishtadyumna bila hata kumpa heshima ya silaha, na akawaua wana wote watano wa Draupadi. Yule aliyeuliza swali ukumbini ndiye aliyelipia uongo ule kwa watoto wake. Na mwishoni kabisa, Yudhishthira anapofika mbinguni, anaonyeshwa jehanamu kwa kitambo, na Indra, mfalme wa miungu, anamwambia sababu: ulimdanganya Drona kwa hila kuhusu mwanawe, nawe kwa hila umeonyeshwa jehanamu. Kwa hiyo ukiniuliza kama kitabu kinausifu uongo ule, jibu ni hapana. Krishna ndiye aliyeushauri, na waumini wamejadili kwa karne nyingi kwamba bila huo dhalimu angeshinda. Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Lakini hesabu yake imeandikwa wazi, na waliolipa wanatajwa kwa majina.

Tukija kwa Rama, mambo ni magumu kwa namna nyingine, kwa sababu yeye, tofauti na Yudhishthira, huabudiwa na mamilioni. Ramayana ya Valmiki ina beti zipatazo 24,000 katika vitabu 7. Inaanza na huzuni: mwindaji anamchoma mshale ndege dume aliyekuwa na jike wake, jike analia, na laana inayomtoka Valmiki kwa uchungu inatoka ikiwa ubeti wenye mizani. Utenzi wenyewe unaunganisha maneno mawili ya Kisanskriti, shoka, ambalo kwao ni huzuni wala si chombo chetu cha kukatia kuni, na shloka, ambalo ni ubeti. Hivyo kazi yote imezaliwa kwa kumlilia aliyetenganishwa na mwenzake, na tusishangae kwamba kilio cha Sita kimo ndani yake.

Sita, mke wa Rama, hudhulumiwa mara mbili. Baada ya ushindi dhidi ya Ravana, mfalme wa majitu aliyemteka, Rama anamwambia hadharani kwamba alipigana kwa ajili ya heshima ya ukoo, si kwa ajili yake, na kwamba yuko huru kwenda atakako. Sita anamjibu kwamba maneno hayo ni ya mtu wa hovyo akisema na mwanamke wa hovyo, kisha anaingia motoni na moto unamrudisha salama. Hiyo ni katika kitabu cha sita. Kufukuzwa akiwa na mimba kumo katika kitabu cha saba, na wataalamu wengi wanaona kwamba kitabu hicho kiliongezwa baada ya kiini cha utenzi. Ila wasomaji wengine hulitumia jambo hilo kama dawa ya haraka, wakisema kwamba kwa kuwa limeongezwa, basi tulisahau. Mimi sikubaliani nao. Waliokiongeza kitabu hicho walikuwa Wahindu wenye kumcha Rama, na walichokiongeza ni hiki: wana pacha wa Sita, waliokulia kwa Valmiki bila kumjua baba yao, wanafika barazani kwa Rama na kumwimbia Ramayana nzima, hivyo mfalme ameketi akisikiliza matendo yake mwenyewe kutoka vinywani mwa watoto aliowakosa. Kisha Sita anaitwa aape tena kwamba ni msafi. Hakatai kuapa. Anaapa kwa kumwomba mama yake Ardhi ampokee ikiwa hajamwaza mwanamume mwingine, na ardhi inafunguka kwa kiti cha enzi, inampokea na kufunga. Ushahidi umetimia, na mke hayupo tena.

Walioishi na utenzi huu waliendelea kuhangaika nao kama unavyohangaika wewe. Kamban, aliyetunga kwa Kitamil, alimalizia na kutawazwa kwa Rama. Tulsidas, aliyeanza kutunga kwa Kiawadhi mwaka 1574, alisimulia kwamba aliyetekwa na Ravana alikuwa kivuli tu cha Sita, na moto ulikuwa njia ya kumrudisha Sita wa kweli. Kule kufukuzwa hakukusimulia. Chandravati, mshairi mwanamke wa Bengal wa karne ya 16, aliisimulia hadithi kutoka upande wa Sita. Hata ule mstari ambao Lakshmana, ndugu yake Rama, anauchora chini kumkinga Sita, ambao wengi huapa kwamba umo, katika Valmiki haumo. Kwa hiyo unapouliza ni toleo lipi la kweli, nakusihi uulize kwa maneno mengine: toleo hili limejibu nini, na limemjibu nani? Jirani yako akiwa amelelewa kwa Tulsidas, Rama anayemjua hakumfukuza mke wake, na hana sababu ya kumtetea kwa jambo hilo.

Nisikufiche kwamba kuna mahali ambapo kitabu hakiniridhishi hata baada ya kukisoma maisha yangu yote. Ekalavya, kijana wa Nishada, jamii ya watu wa msituni, aliyekataliwa shule kwa sababu ya uzawa wake, anajifunza upinde peke yake mbele ya sanamu ya udongo ya Drona, na Drona anamdai kidole gumba cha kulia kama ada ya ualimu. Anakikata bila kusita, na uso wake haubadiliki. Humo simsikii Vidura wala Vikarna wa kumsemea. Leo Wahindi wengi wa tabaka zilizodharauliwa wanamtaja Ekalavya kama shahidi wao, nami nadhani wana haki. Ukikutana na kisa hicho, usijilazimishe kukitafutia maelezo mazuri.

Ungependa kuendelea kusoma, njia ziko kadhaa na kila moja ina gharama yake. Muhtasari ulio nao unafaa kwa kujua nani ni nani. Tafsiri kamili ya Kiingereza ya Kisari Mohan Ganguli, iliyotolewa kati ya 1883 na 1896, inapatikana bure kwenye intaneti. Kiingereza chake ni cha zamani na kinachosha, na inafuata miswada minene iliyotangulia kazi ya Pune, lakini haikwepi mabishano. Ningekushauri usiianze mwanzo. Fungua Sabha Parva, kitabu cha pili kati ya 18, usome mchezo wa dadu kwa utulivu, kisha uruke hadi vitabu viwili vya mwisho, ambavyo ni vifupi. Tamthilia nayo usiidharau kwa ile nyongeza ya kicheko. Ile Mahabharata ya televisheni ya India ya miaka ya 1988 hadi 1990 iliandikiwa maneno yake na Rahi Masoom Raza, mwandishi Mwislamu, na karne nne kabla yake mfalme Akbar aliamuru utenzi huohuo utafsiriwe kwa Kiajemi. Nakutajia haya ikiwa una wasiwasi, kama wengi walio na dini nyingine, kwamba kusoma kwa makini ni kuabudu. Wengi wametangulia kuusoma kwa heshima bila kuacha imani zao.

Kwa jirani yako, nenda. Usimwulize "mnawezaje kumwabudu mtu kama huyu", kwa sababu swali hilo linamweka kizimbani. Mwulize aliisikia kwa nani mara ya kwanza na kwa lugha gani, kisha mwambie ukurasa uliokunyima usingizi na umwache aseme. Kuna mambo ambayo mtu wa vitabu kama mimi siwezi kukupa kwa maandishi: jinsi Sita anavyoimbwa na wanawake wanapokuwa peke yao jikoni, sehemu ambazo bibi yake alizipita kwa haraka, na kwa nini Diwali nyumbani kwao taa huwashwa na hesabu za duka hufunguliwa upya. Kwa maana ya ibada yenyewe, muombe akupeleke kwa pandit, yaani kuhani msomi, wa hekalu lao. Wengi hupokea maswali ya kweli kwa furaha. Na chombo cha watu hakirudi kitupu, basi vitabu vyake navyo visirudi mikono mitupu.

Limebaki shamba. Hapo mimi si mtaalamu, na sitaki Draupadi atumike kukufariji juu ya jambo ambalo bado lina dawa. Kikao cha ukoo kinaweza kupendekeza msimamizi wa mirathi, lakini Kenya na Tanzania pia, anayempa msimamizi mamlaka ni mahakama, na mgawanyo uliofanywa nje yake unaweza kupingwa. Usikae peke yako na jambo hili, wala usilimalize kwa ushauri wa maandishi. Tafuta wakili, au kituo cha msaada wa kisheria kama uwezo ni mdogo, au mahakama ya kadhi kama uko Kenya na mirathi ni ya Kiislamu, na uende mwenyewe mapema, maana muda unahesabiwa. Chukua cheti cha ndoa, cheti cha kifo na karatasi yoyote ya shamba. Andika pia tarehe ya kikao kile na majina ya wote waliokuwapo. Waandike na wale wazee waliotazama chini, kwa sababu waliona, na mbele ya hakimu wataulizwa mmoja mmoja.